Baiskeli ya Sebuleni na Goti Lako

Mwanangu Stazia,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi na mama yako, mmeenda kuaga kwa majirani, na mimi nimewasindikiza kwa macho mpaka kwenye kona ya mashine ya kusaga, nikiangalia mguu mmoja tu, wa kulia. Umetembea vizuri. Lakini pale kwenye mtaro ulisimama kidogo kabla ya kuvuka. Basi nimekaa mezani na kalamu. Nataka niandike kabla hamjarudi, maana mkirudi mama yako ataniambia niache kumtisha mtoto wa watu.

Mambo ya chumba, ya kupika, ya kufua, ya kupiga simu Jumapili baada ya misa, yote hayo mama yako ameshakwambia, na kesho atakwambia tena pale stendi mpaka basi litoke. Mimi huko sina la kuongeza. Langu ni goti.

Kesho unakwenda Shelui kuuza kwenye duka la dawa. Ni kazi nzuri, umeisomea, na sijasikia mtu hapa Itigi aliyesema vinginevyo. Lakini ni kazi ya kusimama. Unasimama asubuhi, mchana umesimama, jioni malori yanapoegeshwa na madereva wanapokuja kutafuta dawa ya kichwa, bado umesimama. Na yule dada wa mazoezi ya viungo kule hospitali alituambia wote wawili siku ile plasta ya mguu uliovunjika ilipotolewa. Aliushika mguu wako, ulivyokuwa umekonda, nikageuza uso. Akasema, "Baba, huu mguu usiuonee huruma. Ukiulaza, unakakamaa hapohapo ulipofikia. Asije akaacha mazoezi kwa sababu ameona anatembea."

Asije akaacha. Hilo neno ndilo linaloninyima raha wiki nzima hii. Hapa nyumbani ukiacha, nitajua. Shelui ukiacha, nani atajua? Utarudi chumbani umechoka, utasema kesho, na kesho utasema kesho, na mguu wenyewe hausemi kitu. Unakaa kimya tu, unakakamaa.

Nimeinuka kidogo nikaenda kuangalia begi lako. Halina neno. Nimerudi.

Nilitaka uende na ile baiskeli ya mazoezi, unajua. Ulinisikia juzi nikibishana na mama yako uani. Nilisema tuifunge juu ya basi pamoja na magodoro ya watu, kule Manyoni nitashuka nihakikishe inahamishwa vizuri, Singida vilevile, mpaka Shelui. Mama yako akaniuliza kama na mimi nitafungwa huko juu nikiishikilia. Halafu akahamia Kinyaturu cha kwao, nikajua yamekuwa makubwa, nikaachana na hoja yangu. Lakini wewe ulicheka. Ulicheka ukashika mlango usianguke, na nikafikiri, huyu mtoto anajua kitu kuhusu baiskeli ile ambacho hataki kuniambia. Sasa nakwambia mimi: najua. Nimejua siku nyingi.

Ngoja nikueleze nilivyoinunua, maana hukuwepo. Na hapo ndipo kosa lilipoanza, kwamba hukuwepo.

Dada wa mazoezi alisema baiskeli ya mazoezi ingesaidia goti likunje taratibu, kama uwezo upo. Alisema pia kuna vitu vingine vya bei ndogo, akaanza kuvitaja, lakini mimi nilikuwa nimeshashika baiskeli, mengine sikuyasikia. Baba yako akishika neno moja hasikii la pili, mama yako anayo haki ya kulalamika. Nikapanda basi nikaenda Singida mjini, nikazunguka na jua lote lile, mpaka nikaingia kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi anayeuza vifaa vya michezo, vipya na vya mtumba. Alikuwa amekaa nyuma ya mizani anakunywa chai. Nikaiona imesimama pembeni: nyeusi, kubwa, ina kioo kidogo mbele cha kuonyesha umekwenda mbali kiasi gani. Nikaikalia. Nikapiga pedeli. Lo! Nikaona raha, mwanangu. Nikajiona kabisa niko barabarani naelekea Manyoni.

Yule mzee akaniuliza, "Ni ya kwako?"

"Ya binti yangu. Goti halikunji."

"Binti ana kimo kama chako?"

"Hapana, huyo amefuata mama yake. Mfupi."

Akashuka kitini, akaja akaniwekea mkono pale chini ya kiti cha baiskeli. Akanionyesha kwamba ile pini ya kupandishia na kushushia kiti ilipotea zamani, kiti kimegongewa bolti, hakipandi wala hakishuki. "Basi rudi naye," akasema. "Aje akae mwenyewe. Kuna nyingine kule ndani, ndogo, mbaya kwa sura, lakini kiti chake kinashuka."

Sasa we fikiria. Mtu ana duka, ana mali ya kuuza, anakataa kuuza. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikaona anataka kunipunja kwa namna nyingine, au ananiona mshamba nisiyestahili ile yenye kioo. Nikamwambia, "Mzee, wewe fungasha." Akafungasha.

Siku ile niliporudi unaikumbuka kuliko mimi. Vijana wa stendi waliibeba kichwani, watoto wanaimba nyuma, na mimi mbele natembea utadhani naleta mahari. Tukaiweka sebuleni. Hatukujadiliana hata kidogo iwekwe wapi. Redio iko sebuleni, televisheni iko sebuleni, picha ya harusi iko sebuleni, kwa hiyo baiskeli nayo, kitu cha thamani, itakwenda wapi? Wiki haikuisha mama yako alikuwa ameshaifumia vitambaa, cha kiti na cha mikono, vile vyenye maua ya zambarau. Ilipendeza. Kila aliyeingia alisema imependeza. Hakuna aliyeuliza kama inakunja goti.

Na wageni wakaja, jamani! Watu ambao hawakuja kukuona ulipolazwa walikuja kuiona baiskeli. Wanaingia, "Hodi, tumesikia mna mashine." Nami naita, "Stazia! Njoo uwaonyeshe." Unatoka chumbani na kitenge umekifunga juu ya suruali ya mazoezi, maana utakaaje na suruali mbele ya wakubwa. Kitenge kinaingia kwenye pedeli, unakichomoa, unaanza tena. Hujamaliza hata kupasha mguu joto, hodi nyingine. Anaingia mzee. Na wewe uko juu kule kwenye kiti, kichwa chako kimepita cha mzee. Utamwamkiaje mtu mzima ukiwa umemkalia juu?

Ukawa unashuka. Hilo ndilo nililokuwa nalitazama kila siku bila kuliona. Ulikuwa unashuka kwenye kiti kile kilichokuzidi kimo, unatua na mguu wa kulia kwa sababu ukuta uko kushoto, unakwenda mbele ya mzee, unakunja goti kama mama yako alivyokufundisha tangu hujaota meno ya mbele, unasema shikamoo, unapokea marahaba, unaulizwa mguu unaendeleaje, unasema unaendelea vizuri, unapanda tena. Halafu hodi.

Baba yako mkubwa ndiye alikuwa kinara. Kaka yangu namheshimu, lakini alihamia pale kila jioni na kikombe chake cha chai. Alijichagulia kiti cha mbao karibu na gurudumu. "Endelea, endelea, mama, mimi naangalia tu," anakwambia, baada ya wewe kushuka, kupiga goti na kupanda upya. Mimi nimekaa mkabala najisikia baba wa maana kweli. Nilijisemea moyoni kwamba hakuna mtoto hapa mtaani anayeshughulikiwa kama huyu wangu. Nakasirika nikikumbuka! Nimeinuka sasa hivi nikaenda kumfukuza kuku ambaye hakuwa amefanya kosa lolote.

Goti likavimba. Hukusema. Mama yako ndiye aliyeona, siku ya kufua. Tukarudi hospitali, na yule dada akaniuliza mimi, si wewe, "Mazoezi anafanya?" Nikajibu nimenyoosha kifua, "Kila siku dada, mpaka watu wanakuja kutazama." Akakutazama wewe. Wewe ukatazama sakafu. Akapima, na goti likawa linakunja kidogo kuliko siku tuliyotoa plasta. Kidogo kuliko mwanzo, Stazia. Akasema kwamba tukiendelea hivi huenda likabaki hivyo moja kwa moja. Ulikuwa na umri wa kucheza kwenye harusi za wenzako. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naongea, naongea, nasimulia habari za bei ya alizeti, kwa sababu nikinyamaza ningelia kwenye basi la watu.

Ungedhani nimejifunza. Wapi! Nikaona tatizo ni mashine, basi nitengeneze kitu cha uzito, kama vyuma vya mazoezi. Nikachukua kopo la rangi, nikalijaza saruji, nikachomeka kipande cha bomba katikati. Lilipokauka, mimi mwenyewe nilishindwa kulinyanyua kwa mkono mmoja, na nilikuwa nimepanga nikufungie kwenye kifundo cha mguu! Mpaka leo linazuia mlango wa jiko. Nikasikia kuna kijana anaweza kunipatia kipande cha chuma cha reli, kidogo, cha uzito mzuri. Nikamwambia mama yako kwa furaha. Aliacha mwiko kwenye sufuria. "Chuma cha reli? Askari wa reli wakukute nacho? Unataka humu ndani tuwe na mgonjwa na mfungwa?" Bahati yangu nina mke.

Halafu mpira ukapotea.

Ule mpira wangu wa tyubu wa kufungia ndoo za asali ya kuuza kwenye baiskeli yangu ya barabarani, unajua ninavyoupenda. Nimeukata mwenyewe kwenye tyubu la gurudumu la lori, upana sawa mwanzo hadi mwisho, na ukiuvuta unakuheshimu. Mchana ule nilikuwa na ndoo za kupeleka stendi, basi linakaribia, mpira haupo. Nikapiga kelele uani mpaka majirani wakanisikia. Nikawasingizia watoto wa jirani. Nikaingia ndani natafuta, nikafika mlangoni kwako, nikasikia unagombana na mtu.

"Kunja! Kunja, mshenzi wewe! Kunja!"

Nikasimama. Mlango ule haukuwa na komeo, haujawahi kuwa nalo, tangu lini mtoto anajifungia. Ulikuwa wazi kidogo. Wewe ulikuwa umekaa chini, juu ya mkeka, mgongo kwenye ukuta. Mpira wangu umeufunga kwenye mguu wa kitanda, kitanzi kimeshika kisigino chako, na unavuta. Unavuta kisigino kije kwako, mpira unakataa, unavuta, unalia, unautukana mguu, unavuta. Hukuwa na kitenge. Hukuwa na kioo cha kuonyesha umefika wapi. Nilikuona usoni, na katika miezi yote ile sikuwa nimekuona na uso ule ukiwa juu ya baiskeli. Juu ya baiskeli ulikuwa na uso wa wageni.

Na ndani ya dakika hiyohiyo nikasikia kikohozi cha baba yako mkubwa uani. "Hodi wenyewe!"

Ulisikia na wewe. Nikaona mguu wako unaacha kuvuta, mikono inaanza kufungua kitanzi, unatafuta kitenge uende ukaamkie. Kisigino kilikuwa kimeshakaribia, Stazia. Kilikuwa kimekaribia kuliko siku yoyote.

Nikasema kutoka nje ya mlango, "Usitoke."

Ukashtuka. "Baba? Baba mkubwa amekuja."

"Nimemsikia. Nimesema usitoke. Maliza."

Nikauvuta mlango ukajifunga, nikatoka nje na mikono mitupu. Hujui yaliyofuata, au unajua nusu. Kaka yangu alikuwa ameshakaa. Akauliza, "Mtoto yuko wapi? Leo hasalimii?" Nikamwambia, "Yuko ndani anafanya mazoezi. Atakuamkia akimaliza." Akanitazama kama vile nimemvua kofia nikaikanyaga. Akasema, "Tangu lini mtoto anamaliza shughuli yake kwanza ndipo aje kuamkia?" Nikasema, "Tangu leo." Nakwambia ukweli. Sijawahi kumjibu kaka yangu hivyo, yeye ndiye aliyenilea baba alipofariki. Akainuka, chai hajaigusa, akaondoka. Basi nalo likawa limeondoka. Nikabaki na ndoo za asali uani na mpira uko kwenye kisigino chako.

Mama yako alinisema mpaka jioni. Alisema nimekufundisha dharau. Usiku sikupata usingizi, najiuliza kama kweli nimekufundisha dharau. Kaka yangu hakukanyaga hapa kwa siku nyingi, nikawa nikimuona sokoni anapita upande wa pili. Hilo liliniuma, na kama goti lisingekunja, sijui leo ningekuwa namwambia nini. Lakini likaanza kukunja. Kidogo, halafu kidogo tena. Mlango umefungwa, mimi nimekaa nje kwenye ndoo nimeugeuzia mgongo, na yeyote anayepiga hodi namwambia subiri.

Nasikia sauti yako kwa mbali, nadhani mnarudi. Hapana, ni watoto wa jirani.

Stazia, mimi si mtaalamu wa mazoezi. Nimekosea kila kitu nilichonunua na kila nilichotengeneza. Lakini katika kukosea huko kuna mambo nimeyaona, na nayaandika haraka kabla hujafika.

Huko Shelui utakutana na watu wa kukushauri. Kuna vijana wananyanyua vyuma nyuma ya gereji, watakwambia njoo. Kuna matangazo kwenye simu, mikanda ya kuyeyusha tumbo, mashine zinazotetemeka zenyewe. Siku utakapopata mshahara wako utatamani kununua kitu kinachong'aa, nakujua, wewe ni mtoto wangu. Nunua ukitaka. Ila nenda na goti lako dukani. Ukikalie, ukivute, ukipande na kushuka mbele ya huyo muuzaji, usione aibu hata kama watu wanatazama, hiyo ndiyo siku pekee ya kutazamwa. Akikwambia hiki si cha mwili wako, huyo msikilize. Na kabla hujatoa hela, fikiria chumba chako saa umetoka kazini umechoka kabisa. Kitakuwa wapi? Kama itabidi usogeze ndoo, jiko na begi ndipo ukifikie, hutakifikia. Kama kinapiga kelele, mwenye nyumba atakigombea. Kama utataka kukifumia kitambaa, mwanangu, usikinunue.

Mpira nimekuwekea. Ule wangu. Usikatae, mimi nitakata mwingine. Kila ukitaka kuuvuta, uangalie kwanza kwenye mwanga, hasa pale unapofunga fundo, maana tyubu huanza kuchanika pale. Ukiona ufa, kata uanzie mbali zaidi, usifanye ubishi, ukikatika unakurudia usoni. Funga kwenye mguu wa kitanda, na kama kitanda cha huko ni chepesi kinakufuata, weka begi la nguo juu yake. Mama yako ameshona kimfuko cha mchanga cha kufunga kwenye kifundo, kina mdomo wa kuongezea. Anza na mchanga kidogo. Alikuwa amekasirika wakati anakishona, alisema hakuna mtu humu ndani anayejua mambo ya kiasi, na nilinyamaza kwa sababu kopo la saruji lilikuwa linanitazama.

Na kuna siku hutataka. Siku hizo sitakwambia jikaze, nimeshajisikia nikikwambia jikaze nikajichukia. Nitakwambia ufunge tu mpira kwenye kitanda, ukae chini, basi. Ukishakaa chini, utaamua mwenyewe.

Kitu kimoja cha mwisho, nacho kiko chini kabisa ya begi, nimekifunga kwenye soksi yangu. Ukikiona usicheke. Ni komeo, pamoja na skrubu zake. Mwombe fundi yeyote hapo jirani alifunge kwenye mlango wa chumba chako, kwa ndani, na mwenye nyumba akiuliza mwambie ni kifaa cha mazoezi. Si uongo. Katika vyote vilivyopita ndani ya nyumba hii, baiskeli, kopo, mpira, hicho ndicho kilichokosekana.

Na hilo komeo si zawadi yangu. Unakumbuka siku baba yako mkubwa aliporudi? Ulikuwa chumbani, ya nje hukuyaona. Alikuja akasimama pale kwenye kona ya nyumba, akaniuliza bila kunisalimu, "Amemaliza?" Nikasema, "Bado." Nikangoja anitukane. Akavuta kigoda akakaa. "Basi nasubiri," akasema. Tukasubiri wawili, tunasikia unavyoutukana mguu kule ndani, naye akaniambia kwa sauti ya chini, "Anatukana vizuri huyu." Tangu hapo ndiyo anakuja tena, na sasa hivi baiskeli ya sebuleni ni ya kwake, anaipanda na koti lake na viatu vyake vya misa, kiti kinamtosha sawasawa kwa sababu kimo chetu ni kimoja. Leo asubuhi ulipokuwa kisimani alifika na hilo komeo. Amelifungua kwenye mlango wa stoo yake ya asali, amelipaka mafuta. Akasema, "Mpe mtoto. Mwambie siku nikienda kumuona asinifungulie mpaka amalize."

Sasa nawasikia kweli. Mama yako anacheka, ina maana mmepewa kitu kwa jirani. Naandika vibaya, nivumilie.

Nitakuja Shelui, mimi siwezi kukaa hapa, unanijua. Sitakupigia simu kwanza, nitashuka tu kwenye basi na ndoo ya asali. Nikifika nikikuta mlango umefungwa, nikasikia unalitukana goti, sitapiga hodi. Nitageuza ndoo nikae hapo nje. Na wewe ukihisi kwamba ni mimi, usiinuke. Usitafute kitenge. Usije ukanipigia goti mwanangu, nimeshapigiwa vya kutosha, na kila mara lilikuwa likikuuma nami sikujua. Vuta. Maliza. Shikamoo yako nakujibu kabisa leo, kabla hujaitoa, iwe imekwisha kati yetu.

Marahaba, Stazia.

Baba yako.